Mtawa Aliyekataa Kusema

Kile kitabu nililetewa na mwalimu wetu wa kwaya, na hadi leo sijui kama nimshukuru au nimtukane. Alikuwa akifanya usafi kwenye chuo kimoja pale Toronto, na kila walipotupa vitabu vya zamani aliokota vyenye majalada mazuri akaniletea Jumapili, kwa sababu alijua mimi ni mtu wa kusoma. Yeye mwenyewe hakuwa msomaji. Alikuwa Mkenya wa Bonde la Ufa, mrefu, mwenye sauti ya kuamsha wafu na Kiswahili cha kuwaua tena. Akanikabidhi kitabu ndani ya mfuko wa plastiki, akasema hiki ni cha watu wa dini, dada, utakipenda. Ilikuwa riwaya ya Kijapani iliyotafsiriwa kwa Kiingereza, na kwenye jalada kulikuwa na hekalu la Kibudha katikati ya misonobari na theluji. Nikasema haya, si dini yetu, lakini angalau ni dini.

Dini! Wee acha tu.

Nilikianza Jumatatu kwenye basi la kwenda Malton, karibu na uwanja wa ndege, ambako nilikuwa nabandika lebo kwenye maboksi katika ghala la mizigo. Kufika ukurasa wa thelathini nilishajua nimepewa takataka. Mkuu wa hekalu ni mzee mlevi. Anasinzia katikati ya sala. Ana mjane wake huko mjini, anamwendea akijidai anakwenda kuwaombea wagonjwa. Samaki wamekatazwa, yeye anakula, tena miiba anaificha chini ya mkeka kama paka. Chini yake yuko mtawa wa pili, mtu wa makamo, na huyo ndiye anayebeba hekalu zima. Ndiye anayeamka alfajiri kuvunja barafu kwenye pipa la maji, ndiye anayefagia, ndiye anayeandika daftari la marehemu ili kila mmoja aombewe siku yake ikifika. Yule mtawa nilimpenda mara moja, kwa kuwa nilijiona mimi.

Maana mimi nilikuwa katibu wa ushirika wetu. Tulisali kwa Kiswahili kila Jumapili mchana, katika ukumbi ulioko chini ya kanisa la Wakanada pale Mount Dennis, wenyewe wakishamaliza yao. Tulikuwa Watanzania wachache, Wakenya, Wazaire na Warundi. Mchungaji hatukuwa naye. Aliyetuongoza alikuwa mzee wa kanisa, Mzaire wa miaka sitini na kitu, mpole, aliyesoma kwa Kifaransa na Kiingereza kikakataa kabisa kumwingia. Kwa hiyo barua zote za Kiingereza niliandika mimi, yeye akatia saini. Nilipanga viti, nilisahihisha matangazo, niliwakumbusha waliochelewa kwamba wamechelewa. Bila mimi ushirika ule ungekuwa kijiwe cha kunywea chai, na sikuwaficha kwamba nalijua hilo.

Msimamizi wetu ghalani, mwanamke wa Kikanada, alikiona kitabu wakati wa mapumziko akaweka mkono kifuani. Miaka ile watu wa mji ule walikuwa wameingiwa na Ubudha wa mito ya kukalia. Akaniambia kila Jumatano anakwenda mahali, anakaa juu ya mto, anakunja miguu, hafikirii chochote, na anapata amani. Nikamtazama. Kutofikiria chochote alikuwa akikufanya vizuri sana pale pale kazini, tena bila mto. Nikamwambia humu ndani hakuna amani yoyote, kuna visigino vilivyopasuka kwa baridi, jino bovu, na mzee ananuka pombe mbele ya sanamu. Akatabasamu kwa huruma, akasema labda sijakielewa. Mimi, niliyelelewa na mwinjilisti! Ningemweleza kuhusu nyumba za ibada mpaka mto wake utoboke.

Jumapili iliyofuata mwalimu wa kwaya akauliza kitabu kinaendeleaje, nikampasha. Nikamweleza uchafu wote wa yule mkuu wa hekalu, samaki na mjane na pombe, nikitegemea ataona aibu kwa kuniletea kitu kama kile. Badala yake akacheka hadi akashika meza, akataka kujua iliendelea vipi. Basi ikawa ndiyo desturi yetu majira yote ya baridi. Mazoezi ya kwaya yakiisha, mimi naosha vikombe, yeye anafuta, na namsimulia nilipofikia. Nilisimulia kwa hasira na yeye alisikiliza kwa raha. Yule mzee mlevi alimpenda kupita kiasi. Alisema huyo ni mtu wangu kabisa, huyo tungeelewana.

Na wangeelewana kweli, kwa sababu naye alikuwa akinywa. Alidhani hatujui. Alitafuna pipi za mnanaa tangu wimbo wa kwanza hadi baraka, na sisi wa sauti ya kwanza tuliosimama karibu naye tulipata mnanaa na bia kwa pamoja. Nilimwambia wazi kwamba pipi haijawahi kuficha kitu. Akaniambia ni kweli, dada, lakini bila pipi ingekuwa mbaya zaidi. Watu wa namna hiyo utawafanya nini? Huwezi hata kumgombeza mtu asiyebisha.

Kisha nikafika mahali ambapo makao makuu ya watawa yanatuma wakaguzi. Maneno yamewafikia. Wanapanda mlima, wanakaa sebuleni na majoho yao meusi, wanamwita mtawa wa pili. Wanamuuliza moja kwa moja mkuu wako anaishije. Miaka kumi na minne mtu huyu amefua nguo zenye matapishi, amedanganya waombolezaji mlangoni, amesali sala za watu wawili. Sasa hekalu liko mkononi mwake. Afungue kinywa tu. Naye akamimina chai, akafuta meza, akasema mkuu ana maradhi ya kifua, na sala zote zimesaliwa.

Nilikitupa kitabu chini ya kiti cha basi. Mama mmoja wa Kijamaika aliyekaa pembeni akakiokota akanirudishia, akaniuliza kama niko sawa. Sikuwa sawa. Bwege gani lile! Mkweli wa pekee katika kitabu kizima, anaulizwa ukweli na watu wenye mamlaka, anamimina chai! Na mwisho wake hata mzee hafukuzwi. Anafia palepale hekaluni, na wanakijiji, waliokuwa wakijua kila kitu muda wote, wanakuja kumwosha maiti.

Jumapili nikamsimulia mwalimu wa kwaya sehemu ile nikigonga vikombe. Safari hii hakucheka. Akauliza kama mtawa alisema vile kwa kuogopa. Nikasema kwa uzembe, si kwa kuogopa. Akatundika taulo la vyombo, akangoja watu wengine wapande juu kuvaa makoti, ndipo akasema, "Dada, mke wangu hakufa."

Ngoja nieleze uzito wa neno hilo. Alipofika Toronto alituambia mkewe aliuawa katika mapigano yaliyochoma mashamba yao. Tulimkalia matanga. Siku tatu, ndani ya chumba chake kimoja, tumebanana sakafuni, wanawake wa Kizaire wanaimba, mimi nasukuma chapati mpaka viganja vikavimba. Nililia, tena kilio cha kweli, kwa ajili ya mwanamke nisiyemjua. Sasa ananiambia marehemu yuko Kenya, mzima, analala na watoto watatu kwenye uwanja wa kanisa pamoja na wengine waliochomewa nyumba, na alichotuambia sisi ndicho alichoandika kwenye fomu ya ukimbizi.

Nikamuuliza kwa nini. Hakuwa na sababu ya maana. Siku ya moto kila mtu alikimbilia kwake, yeye akafika kwa mjomba wake Nairobi, mjomba akampatia njia ya kupanda ndege peke yake. Ofisa wa uwanja wa ndege alipomuuliza mke yuko wapi, kinywa kikasema amekufa, na tangu hapo hakuweza kulirudisha neno hilo. Akaniomba yaishie pale jikoni. Sikumwahidi. Nilinyamaza nikakausha sinki, naye akadhani kunyamaza kwangu ni ahadi.

Miezi minane baadaye tarehe ya kesi yake ikapangwa. Kila mtu wetu aliyekwenda kusikilizwa alibeba barua ya kanisa, na hapa lazima nieleze barua ya kanisa kwetu ni nini, maana bila hivyo mtanidhani nilikuwa mchawi. Baba yangu aliandika mamia. Mtu akihama usharika anapewa barua ya kumtambulisha, na barua inasema kweli: kama ni mshiriki mwema, inasema, kama ametengwa na meza ya Bwana kwa ulevi au kwa kuoa wa pili, inasema hivyo hivyo, na inaomba anakokwenda apokelewe na asaidiwe kutubu. Bahasha inafungwa. Anayeibeba haifungui, hata akitembea nayo siku mbili, hata akijua dhambi yake imo ndani. Na huko anakofika, mzee anaisoma, anamtazama, anamwambia karibu. Niliona hayo mara nyingi nikiwa mtoto. Watu walifika wamebeba aibu yao wenyewe kwenye bahasha, na walipokelewa vizuri kuliko waliofika bila barua.

Basi nilikaa mezani nikaandika kama binti wa baba yangu. Niliandika kwamba anaongoza kwaya kwa bidii. Niliandika kwamba anakunywa. Niliandika kwamba mkewe yu hai, kwamba alitudanganya sisi na serikali, na kwamba tunamwombea na kuomba apewe nafasi ya kutubu na kukaa. Kila neno lilikuwa kweli. Nasema wazi, niliandika nikimfikiria yule mtawa na chai yake, nikiona raha kwamba mimi si yeye. Jumapili nikampelekea mzee wa kanisa. Akaishika, akasema ataipeleka nyumbani akatie saini kwa kalamu nzuri. Jumapili iliyofuata akanirudishia imefungwa, nikamkabidhi mwalimu wa kwaya, naye akaipokea kwa mikono miwili.

Aliniomba nimsindikize siku ya kesi, nikaenda. Chumba kilikuwa kidogo, hakina hata dirisha la maana. Mama wa makamo mwenye miwani ndiye aliyeamua, wakili alikaa upande mmoja na mkalimani upande wa pili, nami nyuma. Wakili alikuwa ameshatoa karatasi zake zote. Yule mama alipouliza kama kuna jingine, mwalimu wa kwaya akainuka, akatoa bahasha kwenye koti, akampelekea mkono kwa mkono kabla wakili hajajua ni kitu gani. Alikuwa na uso wa mtu anayetoa zawadi. Hakuifungua! Wiki nzima alikaa nayo, katika nchi ambayo kila mtu hufungua kila kitu, na hakuifungua.

Yule mama akasoma. Akarudia kusoma. Akavua miwani, akauliza, bila ukali wowote, kama ana mke.

Niliona mabega ya mwalimu wa kwaya yakishuka. Hakugeuka kunitazama, na hilo ndilo baya, maana nilikuwa nimejitayarisha kutazamwa. Akamwambia mkalimani, polepole ili atafsiri vizuri, "Nilikimbia nikamwacha. Nikaona ni afadhali yeye awe amekufa kuliko mimi niwe nimemwacha."

Nilingoja yule mama aseme karibu. Mjinga mimi! Nilingoja kweli, mikono mapajani, kama niko sebuleni kwa baba yangu. Akaandika kitu, akashukuru, akafunga faili. Jibu lilikuja kwa posta: mtu huyu haaminiki, ombi limekataliwa. Kuhusu nyumba iliyochomwa, mashamba, watoto, hawakuwa na haja tena ya kuuliza. Aliyedanganya juu ya mke angeaminiwa vipi juu ya moto?

Ushirika ulilipuka. Mwanzoni walimkasirikia yeye, hasa wanawake wa matanga, wakidai machozi yao. Hasira hiyo ilidumu Jumapili mbili, kisha wakaanza kuuliza nani alimwandikia barua ile mtu anayetafuta hifadhi. Tukaitisha mkutano baada ya ibada. Mimi nilikuwa mbele na daftari la kumbukumbu; wao walijua natia tu maneno ya mzee kwenye Kiingereza. Mzee wa kanisa akasimama akasema, "Saini ni yangu. Mniulize mimi." Wakamuuliza, na namna walivyomuuliza mtu wa umri ule sitaiandika. Familia mbili ziliacha kuja. Na mimi, msema kweli, binti wa mwinjilisti, niliyemwita mtawa bwege mbele ya basi zima, niliinamisha kichwa nikaandika: mzee amekiri. Kwa mwandiko mzuri.

Mwalimu wa kwaya alijua ni maneno yangu, maana hakuna mwingine aliyeambiwa siri yake isipokuwa mimi. Hakumwambia mtu. Alinikuta kituo cha basi siku moja asubuhi, theluji imegeuka tope, akaniamkia kama kawaida. Akasema wakili ameona mlango mmoja umebaki, ombi la huruma, na wanataka barua nyingine ya kanisa inayoeleza amefanya nini kwa watu tangu afike. Akaniomba niiandike mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayejua kuandika. Hakulitaja lingine lolote. Nilimchukia siku ile, Mungu ananiona, jinsi alivyosimama pale bila hata kunitukana.

Huruma! Serikali ile yenye fomu ya kila kitu ilikuwa na fomu ya huruma pia, na mimi niliyeimba huruma tangu Shule ya Jumapili nilikaa nayo wiki tatu. Kwa nini wiki tatu? Kwa sababu kila nilipoandika "mtu mwema" nilikata. Nikaandika "mtu mwenye bidii", nikakata. Mambo aliyoyafanya nilikuwa nayajua: aliwazolea theluji wazee wa jengo lake bila kuombwa, alimbeba mgongoni mama wa Kirundi aliyevunjika mguu kutoka ghorofa ya tano lifti ilipoharibika, aliwafundisha kuimba watu wenye sauti za magunia. Lakini niliona nikiyaandika hayo bila ya bia nitakuwa nimemimina chai. Niliilinda kalamu yangu isichafuke, na siku zikawa zinakwenda. Mwishowe wakili akapiga simu mwenyewe, kwa ukali, nikaandika kwa saa moja, ikatoka nzuri.

Ombi likapelekwa. Ombi la namna hiyo halimzuii mtu kuondolewa nchini, na tarehe yake ilifika kabla ya jibu. Kwaya ilimwimbia ukumbini, vibaya, kwa kuwa hakukuwa na wa kuwaongoza zaidi ya yeye mwenyewe na alikuwa amekaa kwenye kiti cha mgeni. Ndege yake iliruka siku ya kazi. Nilikuwa ghalani nabandika lebo, na ndege zilipita juu yetu kila dakika chache kama siku zote, sikujua ni ipi. Wenye midomo wakasema amerudi kwa marehemu mkewe. Walicheka. Kama utani ule ungemhusu mtu mwingine, ningeutunga mimi.

Nilingoja hadi majira ya joto ndipo nikaenda kwa mzee wa kanisa. Sikwenda kwa unyenyekevu, nisijisingizie. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa silali vizuri na nilitaka kulitua. Aliishi ghorofa ya tatu na binti yake wa mwisho, msichana wa sekondari aliyesikia kila neno la Kiswahili na kuwajibu wageni Kiingereza tu. Mzee alinikaribisha, akazima televisheni. Nikamwambia yote. Kwamba nilimsainisha barua asiyoweza kuisoma, kwamba nilikaa kimya akitukanwa, kwamba nitasimama Jumapili niseme mbele ya wote.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya pole, kwamba barua aliisoma. Binti yake alimtafsiria neno kwa neno, mezani pale pale, kabla hajaishika kalamu. Alikaa nayo wiki nzima akijua itamfanya nini yule bwana.

Nikamuuliza kwa nini basi alitia saini.

"Nilikuogopa, mama," akasema. "Wote tunakuogopa. Nikirudisha barua yako, nitasikia maneno yako mwaka mzima. Yule mwalimu wa kwaya ndiye alikuwa hakuogopi. Alituambia wewe una roho nzuri, ni ulimi tu."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na trei ya chai, hajui kama aingie. Nikainuka nikampokea trei, nikamimina chai.